Kushika Boti Iliyopinduka

Bweremana, tarehe 12 Juni 2022

Papa,

Nakusalimu sana, na shangazi Libérata anakusalimu pia. Barua hii nampa Viateur wa pikipiki, atakayepeleka dawa Walikale. Usijisumbue tena kupanda kilima kutafuta rezo ya simu. Antena haijarudishwa, na mimi napenda zaidi kusoma mwandiko wako kuliko kusikia "alo, alo" halafu kimya.

Nina habari moja ambayo nimeizungusha kichwani juma zima, nikitafuta namna ya kuianza. Nimeingia kwenye mchezo wa boti. Usikunje uso kwanza. Si mtumbwi kama wako. Ni boti ndogo za tanga, za watu wawili, nyepesi hata tunazibeba begani kutoka mchangani. Chama kimoja cha vijana kimezileta huku, na mwezi wa tisa tutashindana na vijana wa Minova. Moniteur wetu, anayetufundisha, anaitwa Jérémie. Alijifunza Bujumbura. Hapigi kelele, akikasirika anaongea polepole, na hapo ndipo tunapomwogopa.

Ninakaa boti moja na Bibiche, binti wa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, hapa jirani. Yeye anashika usukani. Mimi nakaa mbele na kamba ya tanga dogo, lakini kazi yangu kubwa ni kuwa uzito. Upepo ukiilaza boti upande mmoja, mimi naning'inia nje upande wa pili, miguu ikiwa imenaswa kwenye mkanda na mgongo karibu uguse maji. Ili tuzoee, moniteur anatuketisha kwenye benchi uani kwa shangazi, miguu chini ya mwanzi, tunaegemea nyuma hewani mpaka tumbo litetemeke. Kuku wanasimama kututazama. Shangazi anasema hata wao wanatuhurumia.

Halafu tunaingia ziwani, tunazunguka bidoni, madumu ya njano yaliyofungwa mawe yasiondoke. Anayegeuka vibaya kwenye bidoni anapitwa na wote. Papa, siku tulipogeuka vizuri kwa mara ya kwanza boti iliruka mbele, na mimi nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa jambo lenyewe. Juma lijalo moniteur atatutaka tupindue boti kwa makusudi, kisha tuiinue. Asiyeweza hatashindana. Bibiche haogopi mtu yeyote nchi kavu lakini hajui kuogelea vizuri, anategemea jile tu, ile fulana ya kuelea. Mimi najua kuogelea, lakini tangu siku ile ya Mama sijaingiza kichwa chini ya maji. Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe.

Mwanao,
Olga


Kivukoni Lowa, Walikale, tarehe 1 Julai 2022

Mutoto wangu Olga,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, na mara zote mbili ilisema kitu kilekile.

Sikukupeleka Bweremana kwenda kukaa juu ya maji. Nilikupeleka kwa sababu huku milio ya bunduki ilikuwa imeanza kusogea na shule ilikuwa imefungwa. Nilijua kuna ziwa. Nilijidanganya kwamba huko hakuna mto wa kuvuka, kwa hiyo hutakuwa na sababu ya kulikaribia. Kumbe wenye matanga yao walikuwa wanakusubiri.

Naogopa, nami sioni haya kukuandikia hivyo. Wewe na mimi ndio tuliobaki katika nyumba hii. Ukipatwa na kitu huko, nitakuwa mwanamume mwenye mtumbwi na kafi, basi.

Nisikilize. Kabla hujajua kusali nilikufundisha jambo moja: chombo kikipinduka, kiache. Kiache palepale, usikitazame hata kwa jicho moja, ogelea kuelekea ukingo ulio karibu. Mto hubeba mtumbwi kwanza. Huupeleka chini ya miti iliyoanguka na juu ya mawe, na anayeushika anapelekwa nao. Hujui zaidi yangu, na huyo moniteur wa Bujumbura hajui zaidi yangu. Mimi nimevusha watu hapa tangu kidevu changu hakijaota ndevu.

Siku hizi wanavuka watu wanaokimbia, wengi kuliko mizigo. Wanakuja na watoto na sufuria, hawaulizi hata maji yakoje. Navusha asubuhi mpaka mabega yakatae.

Mama Anastasie wa zahanati anakusalimu. Ananiambia nisikuzuie. Nimemwambia yeye hana mutoto ziwani.

Niandikie kwamba umeacha mchezo huo. Na kama huwezi kuacha, niandikie kwamba ukianguka utaiacha boti.

Baba yako,
Hilaire


Bweremana, tarehe 20 Julai 2022

Papa,

Boti tumeipindua, na mimi niliiacha, kama ulivyonifundisha. Sasa nikueleze yaliyofuata, maana si mazuri.

Moniteur alikuwa kwenye mtumbwi wa wavuvi karibu nasi. Akapiga filimbi, Bibiche akasukuma usukani vibaya kwa makusudi, na boti ikalala. Maji yakanifunika uso. Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka magoti yangu yanagusa mchanga na watu wote pwani wanacheka. Nilikuwa nimeogelea hadi ukingoni bila kugeuka nyuma. Mzee mmoja wa nyavu alinipigia makofi.

Bibiche alikuwa bado kule, ameng'ang'ania tumbo la boti lililogeuka juu, ananitafuta. Hakujua nimekwenda. Moniteur ndiye aliyemtoa.

Niliporudishwa, moniteur alinikalisha kwenye ukingo wa mtumbwi wake na kuongea polepole. "Weye unaogelea sawa samaki," alisema, "lakini mwenzako iko wapi?" Nilimwambia ndivyo tunavyofundishwa kwetu. Hakukudharau, Papa. Aliuliza Lowa ina upana gani na inakwenda kasi gani, akatikisa kichwa, akasema kwa mto ule una haki. Lakini huku, alisema, hakuna mkondo wa kuipeleka boti kwenye miti, na ukingo unaouona karibu si karibu hata kidogo. "Boti inaonekana toka mbali. Kichwa ya muntu, na mawimbi, haionekane. Mwenye kuachilia boti njo tunamutafuta siku tatu."

Kwa hiyo kanuni yao ni kinyume cha yako. Boti ikipinduka unaishika, unamwita mwenzako kwa jina, na hufanyi kitu kingine mpaka akuitikie. Halafu mmoja anapanda kwenye ubao unaotokeza chini ya boti, anaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na boti inainuka. Inaonekana rahisi wakifanya wengine.

Tulirudia mara tatu siku hiyo. Mara tatu niliiacha. Mara ya mwisho nilikuwa nimejiapiza nitaishika, na bado mikono ilifunguka yenyewe. Naona aibu, na zaidi ya aibu naona hofu, kwa sababu mwili wangu haunisikilizi.

Wote wanacheka isipokuwa Bibiche. Tulipokuwa tunakausha tanga aliniambia neno moja tu: "Nilikuita." Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana sijalala vizuri.

Sijaacha mchezo. Nisamehe kwa hilo. Siku nisiyoanguka, nikiwa nimening'inia nje na upepo unatusukuma, siogopi kitu duniani.

Mwanao,
Olga


Kivukoni Lowa, tarehe 6 Agosti 2022

Olga,

Mwili wako unakusikiliza vizuri sana. Unanisikiliza mimi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba uliiacha, niliita Mama Anastasie kutoka zahanati nimsomee. Wacha wacheke. Mtu anayechekwa anapumua.

Hatujawahi kuzungumza juu ya siku ya Mama yako. Wewe ulikuwa mdogo, na mimi sikuwa na namna. Nitaandika leo, mara moja tu.

Mvua ilikuwa imenyesha juu, kwenye milima ya Masisi ambako mto unatoka, na huku jua lilikuwa linawaka. Niliona rangi ya maji imebadilika na bado nikasukuma mtumbwi, kwa sababu Mama yako alikuwa anakwenda kwenye msiba wa dada yake na nilitaka awahi. Gogo lilitupiga katikati ya mto. Sisi watatu tulianguka upande mmoja. Wewe uliachia mara moja, nilikuona unakwenda kama chura. Mimi niliachia. Mama yako Josiane hakuzaliwa mtoni, alitoka kijiji cha shambani huko Kirolirwe, na alishika. Nilimpigia kelele aachie. Alinitazama, Olga. Alishika kwa sababu mtumbwi ulikuwa mti mkubwa unaoelea na akili yake ilimwambia kwamba kinachoelea kinaokoa. Mtumbwi ukaingia chini ya mti ulioanguka, naye akaingia nao. Tulimpata akiwa bado ameshika.

Sasa mtu ananiambia kwamba binti wa Josiane anafundishwa kushika.

Sijali boti yao inaonekana kutoka wapi. Sitaki uonekane, nataka uwe hai. Huyo Bibiche namwonea huruma, lakini ana mama yake wa kumwogopa.

Niahidi. Sitakuuliza tena kuhusu mashindano, shindana ukitaka. Niahidi neno hili moja, kwa maandishi yako, ili nipate usingizi.

Hilaire, baba yako


Bweremana, tarehe 24 Agosti 2022

Papa,

Nakuahidi. Nikianguka nitaiacha boti na kuogelea. Umesikia? Lala sasa.

Asante kwa kuniandikia juu ya Mama. Nimeiweka barua ile kwenye Biblia ya shangazi. Sisi hapa wazima, maharage yametoka vizuri, na Bibiche amejifunza kugeuka kwenye bidoni bila kutukana. Mashindano ni Jumamosi tarehe 17 Septemba.

Mwanao anayekupenda,
Olga


Bweremana, tarehe 24 Agosti 2022

Mama Anastasie,

Hii ni yako peke yako. Usimwonyeshe Papa, nakuomba kwa jina la Mama yangu.

Nimemwandikia leo kwamba nitaiacha boti. Ni uongo. Nimeanza kuishika. Kila jioni baada ya shule mimi na Bibiche tunaipindua mahali maji yanapofika kifuani, ambapo naweza kusimama, na ninajifunga kwa neno: nashika, naita, nasubiri. Mara nyingine nashika vizuri na Bibiche ananiitikia kutoka upande wa pili, na tunacheka kwa kutetemeka. Mara nyingine, wimbi likinipiga usoni, nashtukia nimekwisha kwenda. Bibiche sasa hasubiri anitafute. Akiona sijaitika mara moja anageuka moja kwa moja kutazama ukingoni. Inaniuma kuliko kama angenipiga kofi.

Nisiposhika, siku ya upepo mkubwa nitamwacha peke yake, na yeye hajui kuogelea. Nikishika, namfanyia Papa kitu kilekile ambacho Mama alimfanyia machoni pake. Niambie wewe ungefanyaje. Au usiniambie. Ninachotaka ni mtu mmoja huko kwetu anayejua ukweli.

Jumamosi ya mashindano inakaribia. Wavuvi wanasema upepo wa mwezi wa tisa hautoi habari.

Olga


Kivukoni Lowa, tarehe 22 Septemba 2022

Dada yangu Libérata,

Usimzike kabla sijafika.

Jana alasiri nilivusha kijana wa pikipiki aliyetoka upande wa ziwa. Sikumuuliza kitu. Alikuwa anasimulia wenzake, kama watu wanavyosimulia ili safari iwe fupi, kwamba Bweremana kulikuwa na mashindano ya boti za matanga na mvua ikaingia katikati. Alisema boti moja ilipinduka na wasichana wawili. Alisema kwa midomo yake: "Moja aliogelea, mwingine alibaki anashikilia boti, na hakuonekanaka tena." Aliondoka kabla mvua haijaisha, zaidi ya hapo hajui.

Nilifurahi, Libérata. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba aliyezama ni mtoto wa mwenzangu, kwa sababu mwenye kuogelea alikuwa wangu. Aliniahidi kwa maandishi. Nilifika zahanati nimebeba barua yake mkononi nikamwonyesha Anastasie, nikamwambia, tazama, ndiyo maana nilimsumbua.

Anastasie akaanza kulia. Ndipo aliponiambia.

Sasa najua ni nani aliyeshika. Sikumpiga Anastasie wala sikumtukana. Nilimwomba karatasi.

Kesho alfajiri natoka kwa miguu, kwa sababu pikipiki hazitaki kupita bariere za wenye bunduki huko juu juma hili. Nitafuata njia ya Masisi, nishuke kwa Ngungu. Mtumbwi nimemwachia Samy, mtoto wa ndugu yangu. Nimebeba kitenge cha mama yake. Kama mmempata, mfunike, mtu yeyote asimtazame sana. Kama hamjampata, waambie wavuvi watafute mahali boti ilipo, atakuwa nayo. Mama yake tulimpata hivyo.

Nasikia kila mara sauti yangu inamwambia aachie. Nilikuwa nimezoea kuisikia kwa mama yake tu.

Kaka yako,
Hilaire


Bweremana, tarehe 25 Septemba 2022

Papa,

Sikuandika mapema kwa sababu kamba ilinichuna viganja vyote viwili na kalamu ilikuwa haishikiki. Usishtuke, vinapona. Pia nilikuwa natafuta namna ya kukuambia kwamba nilikudanganya. Sikuipata, kwa hiyo nakuambia hivihivi: nilikudanganya. Boti ilipinduka na niliishika.

Tulikuwa wa pili, Papa. Tumebakiza bidoni moja. Nilikuwa nimening'inia nje kiasi kwamba nywele zangu zilikuwa zinalowa, na Bibiche alikuwa anaimba. Mvua ilishuka kutoka upande wa Sake, hatukuiona inakuja, tuliona tu kwamba milima haipo. Upepo ukageuka ghafla, ukanikuta upande usiofaa, na tanga likatuangukia.

Nilikuwa chini ya tanga. Palikuwa na giza na nguo imenibana usoni, na nilisikia mikono yangu inataka kwenda. Nilitoka, nikashika ukingo wa boti, nikaita. Mvua ilikuwa inapiga maji kwa kelele nyingi, hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Niliita tena. Nikazunguka boti yote huku nimeishika, mkono baada ya mkono, nikijua nitamkuta upande wa pili.

Hakuwepo.

Nilijua mara moja alikokwenda, na ndilo jambo lililoniogopesha kuliko yote maishani mwangu. Alikuwa ameniita, hakusikia kitu, akageuka kutazama ukingoni kama alivyozoea. Alikwenda kunifuata. Mtu asiyejua kuogelea alikuwa anaogelea kwenye mvua kumtafuta mtu ambaye alikuwa upande wa pili wa boti.

Papa, nilitaka kuachia. Nilijua ningeogelea vizuri kuliko yeye. Lakini sikuona hata mita chache mbele yangu, na nikafikiri: nikimpata bila boti tutakuwa vichwa viwili visivyoonekana. Nilipanda kwenye ule ubao. Niliteleza nikapanda tena. Siku zote tumeiinua tukiwa wawili. Nililala nyuma kwenye kamba kwa uzito wangu wote mpaka nikahisi ngozi ya mikono inakwenda, nikilia kwa sauti, sikuona aibu kwa kuwa hakuna aliyekuwepo. Iliinuka. Ilikuwa imejaa maji nusu na usukani umevunjika. Nikaachia tanga, nikaiacha boti isukumwe na upepo, maana upepo uliokuwa unanipeleka mimi ulikuwa unampeleka na yeye. Nikawa naita tu jina lake.

Niliona jile yake kwanza. Alikuwa ameacha kupiga mikono. Nilimvuta ndani kupitia nyuma ya boti, akatapika maji juu ya miguu yangu, na nilipomuuliza alikuwa anakwenda wapi alinitazama kama mtu aliyeona mzimu. "Nilikuwa nakufuata weye," alisema. "Nilizani umeenda, sawa siku zote."

Nilishika jile yake, sikuiachia mpaka nchi kavu.

Upepo ulitutupa mbali, chini ya shamba la mihogo la watu tusiowajua. Walituwashia moto. Tulirudi siku ya pili kwa miguu tukakuta pwani yote wanalia, moniteur Jérémie ameketi mchangani peke yake. Shangazi alinipiga kwanza, ndipo akanikumbatia. Bibiche alilazwa kwa kikohozi lakini jana ameanza kugombana na muuguzi, kwa hiyo atapona.

Sijui nani kati yako na moniteur ana haki. Ninachojua ni kwamba kuishika tu kusingemwokoa, na kuiacha kungetuua wote wawili. Nikasirikie, lakini niandikie haraka.

Mwanao,
Olga


Bweremana, tarehe 2 Oktoba 2022

(Barua hii nimeinakili mara nyingi. Moja inakwenda Ngungu, moja Karuba, nyingine kwa njia ya Masisi. Anayeipokea ampe Papa Hilaire wa kivuko cha Lowa. Ni mwanamume mrefu, mabega mapana, anatembea peke yake na amebeba kitenge.)

Papa,

Niko hai. Ni mimi niliyeishika boti, na niko hai. Bibiche naye yu hai. Hakuna aliyekufa.

Barua yako kwa shangazi imefika leo mchana, mkono kwa mkono. Yangu iko njiani kwenda Lowa, na wewe hupo huko. Wanasema juu kwenye barabara wanafyatua risasi tangu juzi. Papa, ukisikia bunduki ingia shambani ulale chini, usitembee kwa haraka kwa ajili yangu, hakuna cha kuwahi. Sizikwi.

Naogopa sasa kuliko siku ya mvua. Siku ile nilikuwa na boti ya kushika.

Olga


Ngungu, tarehe 4 Oktoba 2022

Mutoto wangu,

Naandika kwenye meza ya muuza chumvi, sokoni Ngungu. Karatasi ni yake na kalamu ni yake. Amekataa nisimame.

Nilifika hapa asubuhi. Nilikuwa nimelala siku mbili kwenye shamba la mahindi la watu, kwa sababu ya hizo risasi. Sikuwa naogopa risasi. Niliogopa kufika. Kila kilima nilichopanda nilijiambia kwamba nyuma yake nitaliona ziwa, na nikikuta kilima kingine nilishukuru.

Nilikuwa nimeketi pale wanapouza viazi. Kijana wa pikipiki akasimama katikati ya soko, akauliza kwa sauti: "Papa Hilaire ya Lowa iko hapa?" Ameshika karatasi juu. Watu wakaanza kutazamana, na mama mmoja akanionyesha kwa kidole kwa sababu ya kitenge. Kijana akaja, akaniuliza kama ni mimi.

Nilimwambia, "Hapana. Si miye."

Alinitazama, akatazama kitenge, akauliza tena kwa heshima. Nikasema tena si mimi, mimi ni mtu wa Karuba, nanunua viazi. Olga, nilijua karatasi ile inasema wamekupata. Mradi haijafika mkononi mwangu, ulikuwa bado hujapatikana. Nilitaka kukaa hivyo mpaka jioni, kama ingewezekana mpaka nife.

Akaomba radhi, akawasha pikipiki. Nikamwona anaondoka na wewe mfukoni mwake. Ndipo miguu yangu ilipokwenda bila mimi. Nilikimbia katikati ya viazi vya watu, nikashika chuma cha nyuma cha pikipiki na sikukiachia. Ilinikokota matopeni kipande kirefu kabla hajajua kuna mtu nyuma yake. Watu walikuwa wanapiga kelele: "Achia! Papa, achia!" Niliwasikia vizuri sana.

Goti langu limechubuka na suruali imekwisha. Nilifungua karatasi nikiwa bado nimelala chini, nikatafuta jina mwishoni kabla ya kusoma neno lolote. Mwandiko ulikuwa wako. Muuza chumvi anasema nililia mpaka mbuzi wakakimbia, sikumbuki.

Ulinidanganya, na tutazungumza juu ya hilo siku nyingi. Lakini leo siwezi.

Kesho nitashuka Bweremana. Mwambie moniteur wako atoe boti. Nitaketi mchangani na wewe na Bibiche mtaipindua mbele yangu, nione mahali mikono inaposhika. Sitaingia majini na siahidi kunyamaza.

Usije kunipokea njiani. Kaa nyumbani kwa Libérata, ndani, mpaka nikuguse.

Baba yako,
Hilaire